Kifaru cha plastiki kinachokimbia: kasi inapotelea kwenye kona

Anayeunda kifaru cha rimoti kwa vipande vya plastiki vya aina ya LEGO Technic kwa mara ya kwanza huanzia kwenye mota. Anatafuta yenye mizunguko mingi kuliko zote, anaifunga moja kwa moja kwenye sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, anajaza betri na kukiweka kifaru sakafuni. Kinaondoka kwa kishindo na moyo unafurahi. Kisha inaagizwa kona. Kifaru kinatetemeka, mnyororo wa upande mmoja unatoa mlio wa meno yanayoruka, halafu kimya. Fyuzi iliyomo ndani ya boksi la betri imejikata yenyewe, na itarudi ikishapoa. Kikiwashwa tena kitafanya vilevile, na anayekijenga ataanza kuilaumu mota ambayo haina kosa lolote.

Kifaru hakina usukani. Kinakata kona kwa kuburuta minyororo yake kando, na uburutaji huo unadai nguvu nyingi kupita safari ya kwenda mbele moja kwa moja. Kwa hiyo kifaru chenye kasi hujengwa kwa kuanza na hesabu ya kona, kasi ya moja kwa moja ikafuata. Anayegeuza mpangilio huu huishia kununua mota mara mbili, na katika mradi huu mota na betri ndizo zinazokula sehemu kubwa ya fedha.

Hesabu kabla ya kuunganisha chochote

Mnyororo mpana wa Technic unaundwa na pingili zinazobanana. Kutoka kiungo cha pingili moja hadi kiungo cha inayofuata ni milimita 12. Sproketi kubwa, yenye kipenyo cha takriban milimita 40, husukuma pingili 10 kwa mzunguko mmoja, yaani sentimita 12. Sproketi ndogo husukuma pingili 6, yaani sentimita 7.2. Ukizishika namba hizo mbili unaweza kuikadiria kasi ya kifaru chochote ukiwa bado na karatasi tu.

Mota za Power Functions, familia ya vifaa vya umeme vya LEGO, zinajulikana vizuri. Kwa volti 9 bila mzigo, mota ya XL huzunguka mara 220 hivi kwa dakika, ya L mara 390, na ya M mara 405. Zikifungwa moja kwa moja kwenye sproketi kubwa, XL inatoa sentimita 44 kwa sekunde na L inatoa sentimita 78, ambazo ni karibu kilomita 2.8 kwa saa. Mota ya buggy, ile ya zamani yenye matundu mawili ya kutolea mzunguko, hutoa takriban mizunguko 1,240 kwenye tundu la nje na 1,700 kwenye la ndani. Kwa tundu la nje peke yake hesabu inafika mita 2.5 kwa sekunde, karibu kilomita 9 kwa saa. Hapo ndipo wengi wanapotamani, na si ajabu.

Ila hizo ni namba za mota isiyobeba kitu. Kifaru kikifikia theluthi mbili ya hesabu yake kikiwa sakafuni, kimejengwa vizuri sana.

Sasa kona. Nguvu ambayo kila mnyororo unatakiwa kutoa ili kifaru kigeuke palepale kilipo hupatikana hivi: chukua msuguano wa mnyororo na sakafu, zidisha kwa uzito, zidisha kwa urefu wa mnyororo unaogusa chini, kisha gawanya kwa mara nne ya umbali kati ya mistari ya katikati ya minyororo miwili. Tuchukue kifaru cha kilo 1.5, yaani uzito wa nyutoni 15 hivi. Mnyororo unagusa chini kwa sentimita 24, umbali kati ya minyororo ni sentimita 14, na msuguano ukadiriwe kuwa 0.6. Jibu ni nyutoni 3.9 kwa kila upande. Nusu kipenyo cha sproketi ni sentimita 2, kwa hiyo ekseli ya sproketi inadai nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-sentimita 7.7.

Mota ya L ikizuiwa kabisa isizunguke hutoa nyutoni-sentimita 18 hivi. Mzigo wa 7.7 ni asilimia 43 ya uwezo huo, na kwa mota za aina hii maana yake ni kwamba itabaki na asilimia 57 ya mizunguko yake. Kona inakatika bila shida.

Anayetaka kasi zaidi anaongeza gia: ya meno 20 kwenye mota, ya meno 12 kwenye sproketi. Kasi inapanda kwa mara 1.67, na mzigo unaoifikia mota unapanda kwa kiasi hichohicho, hadi 12.8. Hiyo ni asilimia 71 ya uwezo wa mota, kwa hiyo inabaki na asilimia 29 ya mizunguko. Zidisha 0.29 kwa 1.67: unapata 0.48, chini ya ile 0.57 ya mwanzo. Gia iliyowekwa ili kifaru kikimbie imekifanya kigeuke polepole zaidi, huku kila mota ikivuta karibu ampea moja badala ya ampea 0.6. Hapo msuguano wa gia zenyewe bado haujahesabiwa.

Njia tatu za kuipunguzia kona mzigo

Ya kwanza haigharimu kitu: panua kifaru, fupisha mguso wake. Katika mfano uleule, tenganisha minyororo kutoka sentimita 14 hadi 18 na nguvu inayotakiwa inashuka kutoka nyutoni 3.9 hadi 3. Urefu wa mguso ukigawanywa kwa umbali huo kati ya minyororo usizidi 1.7, na kwa kifaru cha mbio ni afadhali uwe karibu na 1.4. Wanaoiga kifaru fulani cha kweli kwa vipimo hujikuta wamefungwa hapa, kwa sababu umbo lenyewe ndilo linaloamua uwiano. Waliokusudia kasi wachague umbo fupi na pana tangu mwanzo.

Kuna ufundi mdogo wa ziada ambao ningeuweka kwenye kila kifaru. Magurudumu ya chini ya kwanza na ya mwisho yapandishwe milimita chache kuliko ya katikati. Kwenye sakafu ngumu kifaru kinasimama kwa magurudumu ya kati tu, mguso unafupika, kona inakuwa nyepesi. Kwenye nyasi au zulia magurudumu ya mwisho yanafika chini na kifaru hakichimbi pua. Betri nazo zikae katikati, kwa sababu uzito uliosukumwa kwenye ncha ndio unaopigana na kona zaidi.

Njia ya pili ni uzito. Betri 6 za AA za alkali peke yake ni gramu 140 na kitu. M18 Hellcat, gari la kivita la minyororo la Marekani lililotengenezwa katika Vita Kuu ya Pili, lilikimbia karibu kilomita 88 kwa saa barabarani likiwa na tani zisizofika 18, na waliounda gari lile walilipata hilo kwa kukubali bamba nyembamba sana za kinga. Uamuzi ni huohuo mezani: kila bamba la urembo linaloongezwa pembeni linalipwa kwenye kona.

Ya tatu ni kuongeza mota badala ya kuongeza gia. Weka mota mbili za L kwa kila upande, zote zikisukuma ekseli moja, kisha ndipo uweke gia ya 20 kwa 12. Mzigo ule wa 12.8 unagawanywa kwa mbili, kila mota inabeba 6.4, na kifaru kinabaki na karibu theluthi mbili ya kasi yake hata katikati ya kona: sentimita 80 hivi kwa sekunde kwenye mnyororo, dhidi ya karibu mita 1.3 minyororo ikizunguka bila mzigo. Mota mbili za ziada zinaleta gramu 84, na huenda zikadai boksi la pili la betri. Hata ukiuhesabu uzito huo, mpango huu ndio ninaoupendekeza kwa anayetaka kifaru cha kasi kisichomsumbua. Hakikisha tu kwamba mota mbili za upande mmoja zinazunguka upande mmoja kabla ya kuzifunga pamoja. Mota zilizotazamana hupigana, na dalili yake ni joto bila mwendo.

Mota za buggy zinabaki kwa anayetaka mbio kuliko kitu kingine. Zitumie kwa tundu la nje, zipunguzwe kwa gia ya 12 kwa 20, utapata mizunguko 744 na karibu mita 1.5 kwa sekunde katika hesabu. Ikizuiwa, moja tu huvuta zaidi ya ampea 3. Mbili kwenye boksi moja la betri zitaikata fyuzi kwenye kona ya kwanza. Kila moja ipewe chanzo chake cha umeme na kipokezi chake cha rimoti.

Gia na fremu

Meno ya gia hizi yana kipimo kinachorahisisha mambo: jumlisha meno ya gia mbili, gawanya kwa 16, unapata umbali kati ya ekseli zao kwa matundu ya mhimili, kila tundu likiwa milimita 8. Meno 12 na 20 ni 32, kwa hiyo matundu mawili. Meno 8 na 24 vilevile. Meno 12 na 36 ni 48, matundu matatu. Meno 16 na 24 yanatoa mawili na nusu, jambo linalodai vipande vya nusu tundu na linalozaa ulegevu usiotakiwa, kwa hiyo kwenye njia ya nguvu liepuke. Liepuke pia lile gia dogo la meno 8: meno yake machache ndiyo yanayobeba mzigo wote, na kifaru kinachogeuzwa kwa ghafla huyala.

Gia zinaruka kwa sababu moja karibu kila mara. Mihimili inayozishika inaachana mzigo unapokuja. Ekseli mbili zinazoshirikiana gia lazima zipite kwenye mhimili mmoja usiokatika, upande huu na upande ule wa gia, na mihimili hiyo miwili ifungwe pamoja kwa kipande cha kukingama karibu iwezekanavyo na gia. Ekseli ya sproketi iliyoshikwa upande mmoja tu itapinda, mnyororo utaivuta ndani, na utaona sproketi inaikwaruza fremu kila kifaru kinaporudi rivasi. Ishike pande zote mbili. Fremu zilizofungwa pande nne, zile za matundu 5 kwa 7 na 5 kwa 11, ni nzuri kuliko kuunga mihimili mmoja mmoja, kwa sababu pembe zake hazipindi.

Bushi zinazozuia ekseli zisihame zisibanwe hadi mwisho. Acha nafasi ya kupenya karatasi. Kisha fanya jaribio ambalo halihitaji chombo chochote: kabla ya kufunga mota, pindua chesisi, zungusha sproketi kwa kidole na uiachie. Iendelee kuzunguka kidogo yenyewe. Ikisimama papo hapo, fungua bushi moja baada ya nyingine mpaka umpate mkosaji. Usipake mafuta ya mashine, maana mengine huidhuru plastiki ya ABS, na vumbi hunasa juu yake na kugeuka msasa. Nywele na nyuzi za zulia nazo hujiviringisha kwenye ekseli bila kuonekana, kwa hiyo zitafute kila baada ya kuchezea ndani ya nyumba.

Mnyororo

Idadi ya pingili nayo ina hesabu yake. Sproketi kubwa mbele na nyuma, matundu 24 kati ya ekseli zao, ni milimita 192. Mara mbili yake ni 384, ongeza mzunguko mmoja wa sproketi, 120, jumla 504. Gawanya kwa 12: pingili 42. Kama magurudumu ya chini yana springi, ongeza moja, kwa sababu springi zikibonyea njia ya mnyororo inabadilika.

Mnyororo uliokazwa unapendeza macho na unakula kasi. Upande wa juu unapaswa kulegea, ukishuka kwa kimo cha tundu moja hivi katikati. Ukilegea zaidi ya hapo utaruka meno, hasa pale sproketi inaposhikwa na pingili chache. Hakikisha mnyororo unaizunguka sproketi kwa nusu duara nzima au zaidi. Sproketi ya kusukuma ikiwa nyuma, kifaru kikienda mbele upande wa chini ndio unaovutwa na ulegevu wote unabaki juu, mahali usipodhuru. Kikirudi rivasi mambo yanageuka, na ndiyo maana minyororo mingi hutoka wakati wa rivasi yenye kona. Gurudumu dogo la kuubeba mnyororo kwa juu linasaidia sana hapo.

Pingili zina matundu yanayopokea vipande vidogo vya mpira. Vinavutia kwa sababu kwenye vigae plastiki tupu huteleza, na kifaru kikiondoka mnyororo huzunguka bure kwanza. Lakini rudi kwenye ile hesabu: msuguano ukipanda kutoka 0.6 hadi 1, mzigo wa kona unapanda kutoka 7.7 hadi karibu 13. Mpira kwenye kila pingili unaweza kukiua kifaru kilichokuwa kikigeuka vizuri. Weka kwenye pingili moja kati ya nne, jaribu, ongeza polepole. Nje, kwenye udongo, mpira hauhitajiki kabisa.

Kuhusu springi nitakuwa mfupi. Kifaru cha sakafuni hakizihitaji. Cha nje kinazihitaji, na mikono inayoburutwa nyuma ya egemeo lake, kila mmoja na gurudumu lake, inafanya kazi kuliko mipango mingi ya kisasa zaidi. Springi ziwe laini kiasi kwamba uzito wa kifaru unazibonyeza theluthi moja kikiwa kimesimama. Springi ngumu zisizobonyea ni uzito wa bure.

Umeme na rimoti

Betri za alkali huanza na volti 9 kwa jumla na kushuka haraka zinapovutwa kwa nguvu. Za kuchaji za NiMH zinaanza chini zaidi, volti 7.2, ila hazitetereki mzigo unapopanda, na kwa kifaru chenye mota nne zinashinda za alkali baada ya dakika chache za mwanzo. Betri ya kuchaji ya Power Functions ni ndogo na nyepesi, lakini hujikata mapema mkondo ukizidi, kwa hiyo ni ya mota mbili za kawaida na siyo za buggy. BuWizz 2.0, boksi linalounganisha betri na kipokezi, ina betri ya lithiamu ndani yake, soketi nne, na huongozwa kwa Bluetooth kutoka kwenye simu. Inaweza kupandisha volti kupita zile za kawaida. Hapo plastiki inakuwa dhaifu kuliko mota, ekseli ndefu zinajipinda kama parafujo, na ni busara kuanza na hali ya kawaida mpaka fremu ithibitike.

Rimoti ya infraredi ya vipini viwili inakifaa kifaru kwa asili yake: kipini kimoja kwa kila mnyororo. Ina kasoro mbili. Juani haionekani vizuri na kipokezi, na jicho la kipokezi likifunikwa na bodi ndiyo basi. Pia haina katikati: mota iko kasi yote au imezimwa. Mgeuko wa ghafla kutoka mbele kasi yote hadi rivasi kasi yote ndio unaoruka meno na kuvunja gia, kwa hiyo achia vipini, subiri kifaru kisimame, kisha rudi nyuma. Kwenye simu, programu nyingi zinaruhusu kupanda taratibu. Weka robo sekunde ya kupanda na gia zitadumu.

Waya zipite katikati ya chesisi na zifungwe. Waya mmoja uliogusa mnyororo unaweza kuchunwa kwa dakika moja.

Kukipima

Weka alama mbili sakafuni zenye mita 3 kati yake, kifaru kianze mita moja kabla ya alama ya kwanza ili kiwe kimeshika kasi, na urekodi kwa simu. Video inakupa muda kwa usahihi kuliko saa ya mkononi. Linganisha na hesabu yako. Kikiwa chini ya nusu, kuna kitu kinasugua na hakuna haja ya kugusa mota. Kikienda mbele vizuri lakini kona inakwama, tatizo ni urefu wa mguso, mpira, au gia iliyopandishwa mno. Kikiwa kinavutia upande mmoja, badilisha waya za mota mbili kwenye kipokezi: mvuto ukihamia upande wa pili, soketi moja inatoa umeme pungufu, ukibaki palepale, upande ule una mota dhaifu au msuguano. Kikisimama baada ya dakika mbili au tatu na kufufuka kikipumzika, ni fyuzi, na mkondo upunguzwe.

Bodi na kichwa chenye mzinga viingie mwisho, baada ya vipimo hivi kuandikwa. Kifunge kichwa bila mota yake kwanza, rudia mita 3 zilezile, rudia mizunguko mitano ya kugeuka palepale, ulinganishe. Mizunguko mitano ikichukua muda mrefu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ilipokuwa chesisi tupu, punguza bodi kuanzia kwenye ncha za mbele na nyuma, kwa kuwa gramu 50 zikitoka hapo zinasaidia kuliko gramu 50 zilizotoka katikati.